Jinsi ya Kutengeneza Kijarida cha Mtaani cha Maisha ya Muasi: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Lucy Parsons wa Chicago

Jioni ya Mei 3, 1886, August Spies, mhariri wa gazeti la wafanyakazi la Kijerumani mjini Chicago, alirudi ofisini mbio akitokea kwenye kiwanda cha mashine za kuvunia cha McCormick. Alikuwa ameshuhudia polisi wakiwafyatulia risasi wagomaji. Akaketi, akaandika kipeperushi kwa Kiingereza na Kijerumani, akakipeleka kwa wapanga herufi, mafundi waliokuwa wakipanga herufi moja moja za kuchapia. Kilipotoka, juu yake kulikuwa na neno moja kubwa ambalo, kwa maelezo yake mahakamani, hakuliandika yeye: "Kisasi!" Mpanga herufi ndiye aliyeliongeza. Kesho yake kikaandaliwa kipeperushi cha pili, cha kuita watu kwenye mkutano katika uwanja wa Haymarket. Safari hii mpanga herufi Adolph Fischer akatia mstari wa kuwataka wafanyakazi waje na silaha. Spies alipouona akasema hatapanda jukwaani mpaka uondolewe. Ukaondolewa. Kati ya nakala zipatazo 20,000, ni mia chache tu zilizotoka na mstari ule.

Mia chache zilitosha. Usiku huo mtu ambaye hadi leo hajulikani alirusha bomu kati ya polisi, na vile vipeperushi viwili vikaletwa mahakamani kama ushahidi. Novemba 11, 1887, Spies na Fischer walinyongwa pamoja na Albert Parsons na George Engel.

Tangu nisome kisa hicho sijapeleka kitu kwa mtoa kopi kabla ya kukisoma kwa sauti, kuanzia kichwa hadi mstari wa mwisho. Gazeti kubwa lina mhariri, lina mwanasheria, lina msomaji wa prufu. Kijarida cha mtaani kina wewe tu. Na ukikosea, anayelipia ni yule unayemsimulia, ambaye mara nyingi ameshakufa na hana mdomo wa kujitetea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza kijarida cha kurasa 8 au 16, cha karatasi za kawaida, kuhusu mtu mmoja aliyekataa kunyenyekea. Nitatumia kijarida changu cha Lucy Parsons, mke wa huyo Albert, kama mfano. Nilimchagua kwa sababu ya Mei Mosi. Kila mwaka tunaandamana na fulana mpya na mabango, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa kwamba siku hiyo ilizaliwa na mgomo wa kudai saa nane za kazi kwa siku ulioanza Marekani Mei 1, 1886, na ambao Chicago ndiyo ilikuwa ngome yake. Mkutano wa wajamaa uliofanyika Paris mwaka 1889 ndio ulioifanya tarehe hiyo kuwa ya dunia nzima. Sikukuu yetu wenyewe ina wafu wake, na majina yao hatuyajui.

Kwanza, ni kitu gani hiki

Lucy na wale wanne walionyongwa walikuwa wanaanarki. Uanarki si fujo, ingawa neno hilo limetumiwa hivyo kwa muda mrefu. Wanaanarki wanaamini kwamba watu wanaweza kuendesha mambo yao kwa kushirikiana, bila bwana na bila dola ya kuwakalia juu. Kwa kuwa hawakuwa na chama cha kuingia bungeni wala fedha za serikali, gazeti ndilo lilikuwa nyumba yao. Watu walikutana kwenye gazeti, michango ya wafungwa ilipitia kwenye gazeti, mikutano ilitangazwa humo. London walianzisha Freedom mwaka 1886, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Peter Kropotkin, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Kirusi aliyegeuka muasi. Ricardo Flores Magón na wenzake walianzisha Regeneración jijini Mexico mwaka 1900, wakabanwa na serikali, wakakimbia, wakaendelea kulichapa wakiwa uhamishoni Marekani. Ricardo alifia gerezani Leavenworth, huko huko Marekani, mwaka 1922. Emma Goldman alitoa Mother Earth mjini New York kuanzia 1906 hadi 1917, serikali ilipolibana wakati wa vita, na miaka miwili baadaye akapakiwa melini na kufukuzwa nchini.

Mara nyingi waandishi ndio hao hao waliokuwa wachapaji. Albert Parsons alikuwa mpanga herufi kwa kazi. Fischer hali kadhalika. Walijua uzito wa herufi ya madini ya risasi mkononi, walijua ukurasa mmoja unakula saa ngapi. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue kwao kabla ya itikadi: kutengeneza kitu chenyewe kwa mikono yako, na kukijua.

Kwetu nako mkono huo umewahi kuwepo. Mwaka 1969 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walianza kutoa jarida la Cheche kwa stensili, na mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Hawakuwa wanaanarki, walikuwa wajamaa wa mrengo wa kushoto. Ila aliyewahi kuzungusha mashine ya stensili na kutoka na vidole vyeusi hahitaji kufafanuliwa undugu uliopo.

Hatua ya kwanza: mtu mmoja, swali moja

Usianze na "historia ya wanaanarki." Utazama. Chukua mtu mmoja, kisha jiulize swali moja ambalo wewe mwenyewe linakuwasha. Langu lilikuwa hili: kwa nini polisi wa Chicago walimwogopa fundi cherehani?

Maana Lucy alikuwa mshonaji. Mwaka 1877, wakati wa mgomo mkuu wa reli, Albert alihutubia wafanyakazi, na mara moja akafukuzwa kazi kwenye gazeti alikokuwa akipanga herufi, jina lake likawa limechafuka kwa waajiri wote wa mji. Nyumba ikasimama kwa sindano ya mke. Lucy alishona nguo, akaandaa mikutano ya wanawake washonaji, na usiku akaandika. Ukiwa na swali kama hilo, utajua nini kiingie na nini kibaki nje. Kila nilichokisoma nilikipima nalo.

Kama Chicago ni mbali mno kwako, hapa kwetu kuna watu wa kuandikwa. Yupo Mekatilili wa Menza aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Yupo Chege Kibachia wa mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947. Yupo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Nairobi, ambaye naye alitokea kwenye kazi ya uchapaji, katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Hakuna kati yao aliyejiita mwanaanarki, na usimbandike mtu jina ambalo hakulichagua.

Hatua ya pili: tafuta ukweli, uuandike kwenye safu tatu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vijarida vingi hufia. Upendo kwa muasi huwafanya watu waandike sifa tupu.

Chora daftari lako safu tatu. Ya kwanza, jambo lenyewe. Ya pili, umelipata wapi. Ya tatu, uzito wake: amesema mwenyewe, imo kwenye kumbukumbu za mahakama au gazeti la siku hiyo, au amesimulia mtu baadaye. Jambo lisilo na safu ya pili haliingii kijaridani, hata likiwa tamu namna gani.

Chukua asili ya Lucy. Maisha yake yote aliwaambia watu kwamba ana damu ya Mexico na ya Wahindi Wekundu wa Texas. Watafiti waliofukua kumbukumbu wamekuja kuonyesha kwamba alizaliwa utumwani huko Virginia mwaka 1851, akapelekwa Texas angali binti, akaishi Waco ambako alikutana na Albert, mzungu aliyekuwa mwanajeshi wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, akabadilika na kutetea haki za watu weusi. Mwaka 1873 wakakimbilia Chicago. Sasa utafanyaje? Ukiandika alichosema tu, umeficha. Ukiandika kumbukumbu tu na kumwita mwongo, umesahau maana ya mwanamke mweusi aliyeolewa na mzungu Texas ya wakati ule, ambako ndoa kama hiyo ingeweza kuwaua wote wawili. Mimi niliyaweka mawili hayo kwenye ukurasa mmoja, alichosema juu, kilichopatikana chini, bila kumhukumu. Msomaji wa Kiswahili anaelewa mtu kuficha kabila au kwao ili aishi. Hahitaji kufafanuliwa.

Pili, usiruke mabaya. Katika toleo la kwanza la The Alarm, gazeti alilohariri Albert, Oktoba 4, 1884, Lucy aliandika makala ya kuwaambia watu wasio na kazi wala makazi, waliokaribia kujitosa ziwa Michigan kwa njaa, kwamba kabla ya kufa wapite kwanza kwenye mitaa ya matajiri. Makala hiyo inaisha kwa kuwahimiza wajifunze kutumia vilipuzi. The Alarm lilichapa mengi ya namna hiyo, na maneno hayo yalisomwa mahakamani dhidi ya watu ambao hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba walirusha bomu. Nilijadiliana na nafsi yangu wiki nzima. Nikaandika wazi kwamba alisema hivyo, nikaandika matokeo yake, wala sikumshangilia. Kukata kungekuwa udanganyifu, na kusherehekea kungekuwa upumbavu.

Tena kuna jambo la mwanawe. Albert mdogo alipotaka kujiunga na jeshi la Marekani, mama yake, aliyelichukia jeshi hilo kwa moyo wake wote, alimpeleka mahakamani akatangazwa hana akili timamu, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1899. Alifia humo mwaka 1919. Mwanamke aliyepigania uhuru wa kila mtu alimnyima mwanawe. Nilipofika hapo niliacha kalamu. Lakini ukurasa huo ndio uliosomwa zaidi na watu niliowapa kijarida, na ndio walionirudia kuuzungumzia.

Mtu aliye hai usimguse bila ridhaa yake. Wala usitaje wajukuu, anwani, au jambo la familia ambalo halikuwahi kuwa la umma.

Hatua ya tatu: andika kwa ajili ya mtu aliyesimama kituoni

Kijarida cha kurasa 16 za A5, ukitoa kurasa nne za jalada na ukurasa mmoja wa picha, kinabaki na kurasa 11 za maandishi. Kwa herufi za ukubwa wa 11, ukurasa mmoja unabeba maneno 200 hadi 230. Yaani una maneno kama 2,400 tu. Hiyo ni hadithi ya safari moja ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta siku ya foleni, na ndiyo wakati atakaokupa msomaji.

Anza na tukio, si na tarehe ya kuzaliwa. Mimi nilianza asubuhi ya Novemba 11, 1887. Lucy alifika gerezani akiwa ameshika watoto wawili, akaomba waruhusiwe kumuaga baba yao. Polisi wakamzungusha kutoka kona moja hadi nyingine, kila mmoja akimwambia ajaribu kwa yule pale, kisha wakamkamata, wakamvua nguo kumpekua, wakamfungia seli pamoja na watoto hadi mumewe alipokwisha kunyongwa. Ukishamweka msomaji kwenye ile baridi ya seli, atakufuata kokote, hata kwenye maelezo ya vyama na tarehe.

Kuhusu lugha, nitakupa tatizo moja lililonisumbua. Ile makala ya Lucy aliiandikia watu ambao magazeti ya matajiri yaliwaita kwa neno la dharau, neno ambalo kwetu linakaribiana kabisa na "wazururaji." Sasa mzururaji hapa mjini ni neno la polisi: ndilo kosa analoandikiwa kijana aliyekutwa barazani saa nne usiku hana la kueleza. Nilijaribu "wasaka kazi," likawa safi mno. Nilijaribu "wasio na makao," likanuka semina. Mwisho nikarudi kwenye "wazururaji," kwa sababu Lucy mwenyewe alilichukua tusi akalitumia kwa heshima, akawaandikia kama mtu anayewaandikia ndugu zake. Nikaongeza sentensi moja ya kueleza hivyo. Pima maneno yako namna hiyo. Jiulize neno hili kwetu hutamkwa na nani, na humwelekea nani.

Sentensi zako zisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajali historia. Mimi humsomea mama mkwe. Akianza kukuna nazi kwa nguvu, najua nimechosha.

Hatua ya nne: panga kurasa

Kwa kijarida kidogo cha kurasa 8, huhitaji hata stepla. Chukua karatasi moja ya A4, ilaze kwa upana, igawe visanduku vinne juu na vinne chini. Safu ya chini, kushoto kwenda kulia, ni kurasa 8, 1, 2, 3. Safu ya juu, kushoto kwenda kulia, ni 7, 6, 5, 4, nazo ziwe zimepinduliwa kichwa chini. Ukurasa wa 1 ni jalada la mbele, wa 8 ni jalada la nyuma. Chapa upande mmoja tu. Kunja mara tatu upate alama za visanduku, kunjua, kisha kata kwa mkasi mstari wa katikati unaotenganisha safu ya juu na ya chini, ila kwenye visanduku viwili vya kati tu. Kunja karatasi kwa urefu, maandishi yakiwa nje, sukuma ncha mbili zikutane hadi ule mkato ufunguke, kisha zungusha kurasa zifuatane. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufanya hivyo baada ya kuonyeshwa mara moja.

Kwa kurasa 16 unahitaji karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mgongoni. Kanuni ya kukumbuka: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa lazima zitoe 17, yaani idadi ya kurasa na moja juu yake. Karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Halafu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, nyuma 8 na 9. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukiwa na kurasa 14, tafuta mbili za kujaza au uzipunguze ziwe 12.

Kabla ya kugusa kompyuta tengeneza mfano: kunja karatasi nne tupu, andika namba za kurasa kwa penseli, kunjua, uone zilivyokaa. Programu ya LibreOffice Writer inaweza kukupangia yenyewe unapochagua kuchapa kama kijitabu, lakini mfano wa mkono ndio utakaokuokoa mashine ikikudanganya.

Hatua ya tano: sura yake

Fotokopi haijui kijivu, inajua nyeusi na nyeupe. Picha ya zamani ya Lucy, ile ya 1886 akiwa amevaa nguo iliyobana shingo, ikitoka kwenye mashine ya kawaida inakuwa doa jeusi lenye pua. Ipitishe kwenye simu kwanza: ondoa rangi, ongeza mwanga, ongeza kontrasti hadi mikunjo ya nguo ionekane. Au mwombe mchoraji aichore kwa kalamu nyeusi. Mchoro wa mistari hushinda picha kila mara.

Acha ukingo mtupu wa sentimita moja pande zote, kwa sababu mashine nyingi hula pembeni. Katikati, palipo mkunjo, acha zaidi kidogo. Tumia aina mbili tu za herufi. Mkasi, gundi na rula bado vinafanya kazi nzuri: andika au chapa vipande, vibandike kwenye karatasi nyeupe, hiyo ndiyo nakala mama. Gundi ya maji hukunja karatasi, na mkunjo huo hutoka kama mstari mweusi kwenye kila nakala, basi tumia gundi ya kupaka iliyo kavu. Mistari ya kingo za vipande ifute kwa wino mweupe wa kufutia.

Ukurasa wa nyuma uandike mwezi na mwaka, mji, na kwamba mtu anaruhusiwa kutoa kopi na kugawa. Maandishi ya Lucy mwenyewe ya miaka ile hayana tena haki miliki, unaweza kuyatafsiri na kuyachapa. Tafsiri ya mtu mwingine ni mali yake, muombe.

Hatua ya sita: kwa mtoa kopi

Hesabu kwanza. Kijarida kimoja cha kurasa 16 kinakula karatasi nne, kila moja pande mbili. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa vijarida 125. Nunua rimu mwenyewe uipeleke, halafu elewaneni bei ya kutoa kopi tu. Mara nyingi inashuka.

Mara yangu ya kwanza nilimwambia kijana wa steshenari, "Kaka, nitolee sitini, mbele na nyuma," nikaenda kunywa chai. Niliporudi, zile karatasi 240 zilikuwa mezani bado zina joto, na kila ukurasa wa ndani ulikuwa umesimama kichwa chini. "Dada, ulisema mbele na nyuma," akasema, na alikuwa na haki. Sikumwambia karatasi igeuzwe upande gani. Kwa kijitabu kinachokunjwa, karatasi ikiwa imelazwa kwa upana, mwambie mashine igeuze kwa upande mfupi. Kisha atoe nakala moja tu. Ikunje hapo hapo, isome yote umesimama, kichwa kwanza, tarehe na majina mara mbili. Mkumbuke Spies. Ikiwa sawa, aendelee, nawe usiondoke.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Tafuta mwenye stepla ndefu. Usipompata, fungua stepla ya kawaida, weka kijarida juu ya kadibodi, piga pini mbili kwenye mkunjo, kisha geuza uzikunje kwa ncha ya kijiko. Kushona kwa sindano na uzi kunadumu zaidi kuliko pini, ambayo kwa hewa ya pwani inashika kutu mapema. Na kwa kijarida cha mshonaji niliona kunafaa, basi nakala arobaini za kwanza nilizishona kwa uzi mwekundu.

Hatua ya saba: sheria

Soma hapa polepole. Tanzania ina Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inayotaka gazeti liwe na leseni. Kenya ina Sheria ya Vitabu na Magazeti yenye masharti yake ya usajili. Kijitabu kinachotoka mara moja si sawa na gazeti la kila wiki, lakini usijiamulie mwenyewe mpaka uko wapi. Nenda kwenye kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na nakala mkononi, uliza. Kumkashifu mtu kunaweza kukufikisha mahakamani hata kwa karatasi iliyokunjwa kwa mkono, na mtoa kopi wako ana familia: mwonyeshe anachochapa kabla hajakichapa.

Hatua ya nane: kigawe

Baada ya Albert kuuawa, Lucy alisimama mitaani miaka mingi akiuza vijitabu vya hotuba za wale waliohukumiwa, akikamatwa mara kwa mara kwa ajili hiyo. Mwaka 1905 alikuwa kwenye mkutano wa kuanzisha chama cha wafanyakazi cha IWW, na mwaka huo huo akawa anahariri gazeti lake mwenyewe, The Liberator. Alijua kwamba karatasi inayokaa kabatini haijachapwa.

Usimtupie mtu kijarida. Mpe mkononi, mwambie sentensi moja: "Huyu ni mama mmoja wa Mei Mosi." Vijiwe vya kahawa, saluni, gereji, foleni ya hospitali, uwanja wa Mei Mosi kabla hotuba hazijaanza. Saluni ndiko kwenye wasomaji bora, mtu ana saa tatu za kusukwa na macho yake yako huru. Weka bei ndogo kama unahitaji kurudisha pesa ya rimu, na mwenye kukosa apewe bure. Baada ya wiki mbili rudi ulikoacha, uliza wamesemaje. Mwanamke mmoja fundi cherehani aliniambia Lucy asingeweza kushona na kuhariri gazeti bila mtu wa kumpikia, akataka kujua alikuwa nani. Hilo sasa ndilo swali la kijarida changu kijacho.

Mwisho, hifadhi. Machi 7, 1942, nyumba ya Lucy iliungua akafia ndani, akiwa mzee wa miaka kama tisini. Vitabu na karatasi zilizonusurika moto, mkusanyo wa maisha yake yote, vikachukuliwa na mamlaka. Tunamsoma leo kwa sababu nakala za magazeti yake zilikuwa zimeshatawanyika, ziko kwenye masanduku ya watu wengine. Basi weka kando nakala tatu za kila unachotoa, zikae nyumba tatu tofauti, moja nje ya mji wako. Na ile nakala mama ya kutolea kopi itie kwenye bahasha ngumu, usiikunje.